Mpiga Ngoma na Mlalamishi Wake

Mhadhara kwa viongozi wa bendi za vijana, wazazi na mashabiki, Waithaka, Nairobi



Mada mliyonipa inamgusa kila aliyemo humu, na nadhani ndiyo sababu viti havikutosha. Bendi zetu za ngoma na tarumbeta zinapendwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni waandaaji: kapteni, mwalimu wa ngoma, mweka hazina, na yule mama anayefua sare na kuzipiga pasi usiku wa Jumamosi. Wa pili ni wale wanaoifuata bendi kila iendako, na kila mara wana neno. Ngoma kubwa imechelewa. Wimbo huu mwaka juzi mliupiga vizuri zaidi. Pesa za glavu zilienda wapi? Kwa nini mtoto wa fulani ndiye anayebeba fimbo mbele kila mara? Waandaaji huwaita wasumbufu. Wao hujiita mashabiki wa damu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayewahi matatu aondoke nao. Mkosoaji anayerudi Jumapili ijayo ni mwanachama, hata kama jina lake halimo daftarini. Mwandaaji hana kazi ya kumnyamazisha, wala hana kazi ya kumtii katika kila jambo. Kazi yake ni kujua mtu huyu analalamikia nini. Malalamiko ya bendi ni ya mafungu matatu: ladha, hesabu, na usalama wa mtoto. La ladha husikilizwa. La hesabu hujibiwa. La usalama huchukuliwa hatua siku hiyo hiyo. Bendi nyingi huvunjika kwa sababu viongozi wake huyatia yote matatu kapu moja na kuyaita fitina.

Beni na watu waliokuwa na neno

Tuanzie Pwani, maana huko ndiko bendi za matembezi zilikoanza kuwa mali ya Waswahili wenyewe. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Freretown, kule Kisauni, makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na bendi ikawa sehemu ya maisha ya pale. Unguja nako Sultani alikuwa na bendi yake. Vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa waliziona hizo, wakaziona na za askari na za manowari, na kufikia miaka ya 1890 walikuwa na zao. Ngoma hiyo ikaitwa beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na anayekisoma haoni muziki peke yake. Anaona chama kamili: vyeo vya mfalme, jenerali na amirali, michango ya wanachama, kuuguza wagonjwa na kuzika wafu.

Beni haikuweza kuwepo bila mpinzani. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi, hawa wa pili wakivaa sketi za Kiskoti mchana kweupe. Dar es Salaam walikuwapo Marini na Arinoti. Marini walijihesabu waungwana wa mji, watu wa kalamu na ofisi. Arinoti walikuwa na vibarua wengi na wageni kutoka bara. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikawachukua askari na wapagazi mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na beni ikasafiri nao. Wakoloni waliitazama kwa jicho la shaka. Wachimba migodi wa Copperbelt walipogoma mwaka 1935, vikundi vya Mbeni, yaani beni ya huko, vilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa kwenye uchunguzi, kwa kuwa mtawala yeyote humwogopa mtu anayeweza kuwapanga watu mstari mmoja na wakatembea pamoja.

Sasa angalieni ukosoaji ulikaa wapi katika mpangilio huo. Ulikaa ndani ya wimbo. Kikundi kilichokuja na sare zilizochakaa, kiongozi aliyeshukiwa kula michango, mpiga ngoma aliyepotea mbele ya umati, wote walijua kuwa upande wa pili una watunzi. Watu wa mji walisimama pembeni wakisikiliza nani kamshinda mwenzake kwa hatua, kwa mavazi na kwa maneno. Mlalamishi hakuhitaji kuomba nafasi ya kusema, kwa sababu mashindano yenyewe yalikuwa nafasi yake.

Lakini yalikuwapo malalamiko ya kutoka nje ya uwanja, na hayo hayakupokewa vizuri. Mashindano yaligeuka kuwa ya kupimana kwa matumizi: ng'ombe wa kuchinjwa, mavazi mapya, karamu ya kuizidi karamu ya wenzao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Miongoni mwa mambo aliyoyakemea ni ubadhirifu wa Waswahili wenzake katika sherehe na ngoma huku mali zao zikiwatoka. Sheikh yule hakuwa adui wa watu wake. Alikuwa akiuliza swali la hesabu, na swali la hesabu likiulizwa na mtu wa dini, wenye ngoma hupenda kulisikia kama swali la ladha: huyu hapendi ngoma tu, mwacheni. Ndivyo walivyojinyima jibu. Miaka ya 1930 ilipokuwa ikisonga, heshima ya beni katika miji ya Pwani ilikuwa imeshuka.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, aliyeandika juu yao mwaka 1979, anavionyesha vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada vikishindana kwa mavazi, kwa gharama na kwa nyimbo za mafumbo. Aliyefanya jambo la aibu aliimbwa, na mji mzima ukajua bila jina lake kutajwa. Katika miaka ya 1950 nguvu zilizokuwa kwenye lelemama zilihamia kwenye vyama vya elimu na maendeleo: Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Waliodhani ngoma ni upuuzi wa wanawake hawakuona kilichokuwa kikifanyika. Mwanamke aliyekwisha kujifunza kuchangisha, kuitisha kikao na kumhoji mweka hazina katika ngoma, alikuwa ameshajifunza kuendesha chama chochote.

Kutoka Glasgow hadi Thogoto, na kutoka Thogoto hadi hapa

Bendi za upande wetu wa Nairobi, nyingi hazikutoka Pwani. Mizizi yake iko Uskoti. William Alexander Smith alianzisha Boys' Brigade mjini Glasgow tarehe 4 Oktoba 1883, akichanganya Biblia na gwaride. Wamisionari wa Kiskoti walifika Thogoto mwaka 1898, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, na PCEA, kanisa lililochipuka kutokana na kazi yao, ndilo lenye Boys' Brigade na Girls' Brigade tunazozijua. Ukisikia ngoma Jumapili mchana kutoka Dagoretti kwenda Kikuyu, huenda ni hao. Kama si hao, ni Wakorino na vilemba vyao vyeupe, au ni Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921.

Hata Smith alikuwa na walalamishi wake. Wavulana wake waliandamana na bunduki za kuigiza, na Wakristo wapenda amani wakauliza: mnawafundisha watoto Injili au vita? Viongozi hawakuziacha bunduki siku ile. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uingereza ilipotaka vikosi vya vijana viingie katika mpango wa makadeti wa jeshi, Boys' Brigade ilikataa, na baadaye bunduki zile zikawekwa kando. Waliouliza hawakushinda mara moja, ila swali lao lilibaki mezani muda wote huo, na hakuna aliyewafukuza kwa kuliuliza.

Thogoto mambo yalikwenda njia nyingine, na Waithaka inayajua. Mwaka 1929 misheni, chini ya Dkt. John Arthur, iliwataka waumini watangaze kuwa wameacha tohara ya wasichana na wamejitenga na Kikuyu Central Association, kisha waweke sahihi au alama ya kidole gumba. Watu walikiita kiapo hicho kirore. Jibu la wengi lilikuja kwa ngoma. Wimbo wa Muthirigu ulienea mashinani ukiwasema wamisionari na machifu waziwazi, na Januari 1930 serikali ikaupiga marufuku.

Nieleweke vizuri. Juu ya ukeketaji wenyewe sheria ya Kenya ya 2011 imeshakata shauri, nami niko upande wa sheria hiyo na upande wa wasichana. Ninachokitazama hapa ni njia iliyotumika. Waumini waliwekewa milango miwili tu: tia kidole au toka. Wengi walitoka, na hawakutoka mikono mitupu. Walijenga shule zao, zikiwemo za Karing'a, na wakatafuta kanisa ambalo halingewadai kirore. Hapa Waithaka alikuwapo Arthur Gatung'u Gathuna, aliyepewa upadri mwaka 1937 na Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1946 Kanisa lao likapokewa na Patriaki wa Aleksandria. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ilizifunga shule zile na makanisa yale, lakini Waorthodoksi wapo mpaka leo, na seminari yao iko Riruta, hapo tu jirani.

Kwa hiyo mtaa huu umeshaona kwa macho yake linalotokea mwandaaji anapomfanya mkosoaji achague kati ya kunyamaza na kuondoka. Huondoka, na akiondoka huenda na nusu ya kwaya.

Marekani nako hawalali

Kuna wanaosema kuwa ugomvi huu ni tabia yetu Wakenya, watu wasioridhika. Basi twende Marekani, kwenye nchi ya vikosi vikubwa vya ngoma na tarumbeta vinavyojaza viwanja vya michezo kila kiangazi. Zamani mashindano yao yaliendeshwa na vyama vya wanajeshi wastaafu, American Legion na VFW. Mwaka 1971 vikosi vitano, Blue Stars, Cavaliers, Madison Scouts, Santa Clara Vanguard na Troopers, vilichoshwa na kanuni na malipo ya wazee wale, vikaungana. Hapo ndipo ilipozaliwa Drum Corps International (DCI), na mwaka 1972 ikafanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa huko Whitewater, Wisconsin, ambako Anaheim Kingsmen walishinda. Waandaaji wa leo ndio waliokuwa walalamishi wa jana.

Ingetarajiwa kuwa watu wa namna hiyo wangewahurumia walalamishi wao. Haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2004 waliruhusu vipaza sauti uwanjani, na mwaka 2009 wakaruhusu ala za kielektroniki. Wapenzi wa zamani waliwaka. Kwao, kikosi cha ngoma ni shaba na ngozi na miguu ya vijana. Ukileta kinanda cha umeme umeleta kitu kingine. Wengine waliacha kwenda. Wengine wanakwenda mpaka leo, wananunua tiketi, wanakaa kiti kile kile, na wanalalamika tangu mdundo wa kwanza mpaka wa mwisho. Waandaaji walisikia, wakaamua vingine. Walikuwa na haki ya kuamua, kwa kuwa suala lilikuwa la ladha, na ladha ya bendi lazima iwe na mtu wa kuiamua.

Lakini Aprili 2018 lilizuka jingine ambalo si la ladha hata kidogo. Mkurugenzi aliyeiongoza The Cadets kwa zaidi ya miaka 30 alijiuzulu baada ya wanawake tisa kumshutumu hadharani kwa mambo ya unyanyasaji wa kingono. Kikosi hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1934, na kilikuwa na vikombe visivyohesabika kwa vidole. Mwaka 2024, kikiwa kinakabiliwa na kesi ya unyanyasaji wa miaka ya nyuma, kilitangaza kufunga kazi zake. Miaka 90 ya sifa haikukiokoa. Hapo ndipo mnapoona kwa nini nasisitiza mafungu matatu. Taasisi iliyozoea kuwaambia watu kwamba malalamiko ni kelele za wasiojua muziki, siku anapolalamika msichana juu ya mwili wake, sikio linalopaswa kumsikia limeshazibwa kwa mazoea.

Turudi mtaani

Fungu la kwanza, ladha. Majirani zetu Kawangware wana watu wengi wa Magharibi, na isukuti haikosekani kwenye harusi na mazishi yao. Ni ngoma za ukubwa tofauti, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kijana wa bendi ya gwaride akiisikia Jumamosi, Jumapili atataka kuutia mdundo ule kati ya nyimbo mbili za kanisa. Mzee mmoja atasema gwaride limegeuzwa disko. Mama mwingine atasema kwa mara ya kwanza bendi imecheza kitu cha nyumbani. Nani ana haki? Wote wana masikio, na mwalimu wa ngoma ndiye anayetakiwa kuamua. Ninachomwomba ni mambo mawili. Asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu, na akishaamua aseme sababu yake kwa sentensi moja. Watu wengi huweza kuishi na uamuzi wasioupenda, mradi wameambiwa kwa nini.

Katika fungu hili hili la ladha naweka matokeo ya mashindano. Kenya Music Festival imekuwapo tangu 1927, na aliyewahi kukaa ukumbini humo anakijua kipindi ambacho hakimu husimama mbele ya wote akaeleza: hapa mlianza vizuri, hapa kasi ilipanda bila kukusudia, hapa sauti ya kati ilizama. Watoto hujifunza zaidi katika dakika zile kuliko katika mwezi wa mazoezi. Mashindano yetu ya mtaa mara nyingi hutoa kikombe bila neno, na palipokosekana neno la hakimu, uvumi hujaza nafasi. Utasikia hakimu alikuwa binamu ya kapteni, au alinunuliwa soda. Waandaaji, dawa ni rahisi. Mwombeni hakimu maoni yake kwa maandishi, kisha yasomeni mbele ya mashabiki, hata yakiwa yanawauma ninyi wenyewe.

Fungu la pili, hesabu. Hapa sitaki mtu aseme ni suala la mapenzi ya muziki. Tazameni mazungumzo haya, ambayo kila aliyewahi kuwa na mtoto kwenye bendi ameyasikia kwa sura moja au nyingine.

"Kapteni, soksi tulichangia jozi mbili kwa kila mtoto. Wangu amepata moja."

"Mama Wambui, mambo ya sare muulize mweka hazina."

"Mweka hazina ameniambia nikuulize wewe."

Kapteni akacheka, mama hakucheka. Jumapili iliyofuata mama huyo alikuwa amewaambia wenzake, na katika kuambiana jozi moja ya soksi ikageuka kuwa pesa za safari nzima. Pengine hakuna aliyeiba. Pengine duka lilikuwa na jozi chache, na zilizobaki zinakuja. Lakini mtu aliyetoa pesa akirushwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, anajaza jibu mwenyewe.

Jibu la hesabu ni karatasi. Ngozi mbili za ngoma ndogo, bei, duka, tarehe, jina la aliyenunua. Nauli ya kwenda na kurudi, idadi ya watoto, kiasi kilichobaki. Karatasi hiyo isomwe baada ya kila shughuli, kisha ibandikwe mahali ambapo hata asiyekuwa mwanachama anaweza kusimama akaisoma. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inavitaka vikundi viwe na katiba na viongozi wanaojulikana. Bendi isiyoweza kuonyesha katiba yake na hesabu zake isishangae watu wakiiita biashara ya mtu. Na kapteni asiogope. Anayehoji soksi leo ndiye atakayechanga kesho, akijua cha jana kilikwenda wapi.

Fungu la tatu, usalama wa mtoto. Katika hili sina mzaha. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na unyanyasaji wa kila aina, na haina kifungu kinachosema isipokuwa wakati wa mazoezi ya ngoma. Mwalimu anayempiga mtoto kwa kijiti cha ngoma kwa kuwa amekosa mdundo anavunja sheria, hata akiwa na kipaji cha malaika. Mtu mzima anayewapeleka watoto usiku kwa gari lake mwenyewe bila mzazi kujua, mwalimu anayembakiza msichana mmoja peke yake kwa mazoezi ya ziada, hao huulizwa siku hiyo hiyo, na bila kusubiri kikao cha mwisho wa mwezi. Mlalamishi wa fungu hili hapaswi kuambiwa alete ushahidi kwanza. Anapaswa kusikilizwa, mtoto akawekwa salama, na wenye mamlaka wakaarifiwa. Nambari 116 ya Childline Kenya haitozwi pesa. Kila mtoto wa bendi aijue kama anavyojua zamu yake ya kupiga.

Sasa zamu ya mashabiki

Mmenipigia makofi kwa kuwasema waandaaji. Yahifadhini kidogo, kwa maana ninyi pia nina yenu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo siwaombi mnyamaze wala msifu kila kitu. Nawaomba ukosoaji wenu uwe na gharama kwenu pia. Anayesema ngoma zimechakaa, achangie ngozi moja. Anayesema mazoezi yamelegea, aje mara moja siku ya mazoezi, aone mwalimu akijaribu kuwafundisha vijana kumi na watano ilhali ngoma nzima zisizotoboka ni nne. Yule anayesimama kando ya barabara akipaza sauti kwamba huyo wa kushoto anatangulia, aliyesikia maneno yake si kapteni. Ni mtoto wa miaka 12, mwenye glavu zinazomzidi vidole, naye atamkumbuka mtu huyo kwa miaka mingi. Mcheza kwao hutunzwa. Mtoto mtunzeni hadharani. Mkubwa mkosoeni ana kwa ana.

Nyamazeni pia juu ya lile msilolijua. Sheikh Al-Amin alipowakemea watu wa Mombasa aliandika gazetini kwa jina lake, na kila mtu alijua wapi pa kumjibu. Shabiki anayenong'ona kwamba pesa zimeliwa, kisha akiulizwa na nani anasema nimesikia tu, hajakosoa chochote. Ameongeza moshi ndani ya nyumba ambayo tayari haina dirisha.

Na mkitaka kuondoka mkaanzishe bendi yenu, mna haki hiyo. Beni iliishi kwa kuwa na pande mbili, na DCI ilizaliwa na watu waliotoka. Ila ondokeni mkiwa mmeshasema neno lenu wazi na mmeshasikia jibu, msije mkaenda kuunda bendi ya pili yenye magonjwa yale yale, mkapata walalamishi wale wale.

Mwenyekiti, nafunga kwa ombi, na ombi langu ni la karatasi tatu. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila bendi iliyowakilishwa humu ibandike ukutani pake karatasi ya kwanza yenye hesabu za shughuli ya mwisho, karatasi ya pili yenye jina la mtu mzima, ambaye si kapteni wala mwalimu, wa kupokea malalamiko ya watoto, pamoja na nambari 116, na karatasi ya tatu yenye tarehe ya kikao cha wazi na mashabiki. Mashabiki, siku hiyo ikifika mje kwa wingi, mseme mnalolijua na mkae mpaka mjibiwe. Bendi itakayofanya hivyo itaendelea kulalamikiwa, na itaendelea kuwepo.

 Sasa ni zamu yenu kunikosoa.